Wenye Ruhusa ya Kuona

Katika jedwali langu la kwanza mzee alikuwa msomaji tu. Naanza na hilo kwa sababu ni jambo ambalo nililipatia tangu mwanzo, halafu nikaliharibu kwa mkono wangu.

Jedwali lenyewe bado ninalo. Nililichora kwa rula kwenye daftari la hesabu, lile la visanduku. Upande wa kushoto kuna nafasi nne za watumishi, na juu kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya: kuona, kuweka, kubadilisha, kufuta, kuona zilizofungwa. Penye ruhusa nilitia tiki. Pasipo ruhusa nilitia mstari mfupi. Nililinakili mara saba. Mara ya nne tiki moja ilitoka nje ya kisanduku nikachana ukurasa mzima. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na niliamini kwamba jambo likiandikwa safi haliwezi kwenda vibaya.

Ofisi yetu ilikuwa Njombe mjini, vyumba vitatu nyuma ya duka la misumari na mabati. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati kila mtu alikuwa anafungua kitu chake: duka la dawa, kibanda cha simu, studio ya picha, shirika. Sisi tulikuwa shirika. Kazi yetu ilikuwa kuwarekodi wazazi waliokuwa wanaumwa, ili watoto wao wabaki na kitu. Mama au baba alikaa mbele ya kinasa sauti akamweleza mtoto wake alizaliwa siku gani, mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi, babu yake alikuwa mtu wa namna gani, shamba la ukoo linaishia kwenye mti upi. Kisha alipigwa picha pamoja na mtoto. Sauti na picha viliingizwa kwenye kompyuta vikasubiri. Hatukuwa tunasema vinasubiri nini. Dawa zilikuwa bado hazijafika kwetu, na kuanzia Uwemba hadi Kifanya, kijijini kwetu, misiba ilifuatana mpaka watu wakawa wanaulizana waanzie upi.

Mimi niliajiriwa kuchapa barua. Kidato cha nne nilipata daraja la nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini mtaalamu kutoka ng'ambo alipokuja kutufungia programu ya kutunza picha na sauti, alikaa wiki chache akaondoka, akaacha kitabu kinene ambacho hakuna aliyekigusa. Nikakigusa mimi. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, jiko la mkaa likiwa chini ya meza kupasha miguu. Nakiri kwamba sikukisoma kwa kupenda elimu. Nilikisoma kwa sababu nilijua siku moja kitu kitaharibika na watu watageuka waangalie nani yuko karibu na mashine.

Nilichokielewa ni hiki. Programu ile haikumpa mtu ruhusa. Iliipa nafasi, kisha mtu akawekwa katika nafasi. Ni kama kupiga kengele kanisani: kamba haimjui mtu, inamjua mwenye zamu, na zamu ikiisha anakuja mwingine. Kwa hiyo nikatengeneza nafasi nne. Msomaji aliona picha zilizo wazi, yaani za watu waliokubali zitumike kufundishia. Mwekaji aliingiza mpya. Mhariri alirekebisha maelezo. Msimamizi aliona kila kitu, pamoja na zile zilizofungwa, za wazazi waliosema ni za mtoto wao tu. Wasimamizi tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja, mtumishi mwenzangu, aliyekuwa akiwarekodi wazazi.

Kitabu kilisisitiza kwamba mtu apewe kile ambacho kazi yake inakihitaji, wala kisitazamwe cheo chake. Hapo nilipigia mstari. Mzee wetu, mkuu wa ofisi, mwalimu mstaafu aliyeheshimika mpaka mtu akimwamkia alijikuta amevua kofia, hakuwa anagusa kompyuta. Alipenda tu kuonyesha picha kwa wageni. Kazi yake ilihitaji kuona zilizo wazi. Nikamweka msomaji.

Zilizofungwa ziliwekewa na programu alama ya kufuli dogo jekundu pembeni. Niliiondoa. Nilijiambia kwamba haina maana: anayeziona ni msimamizi, na msimamizi anajua. Lakini ukweli ni kwamba alama zile zilinichafulia ukurasa. Picha zilipangika vizuri, mraba kwa mraba, halafu hapa na pale doa jekundu kama upele. Sikuweza kulitazama.

Na kwa wale wengine niliwafundisha kanuni moja fupi, ili wasinisumbue kwa maswali. Niliwaambia: ukiiona, ujue unaruhusiwa. Usiyoruhusiwa hutaiona.

Yule dada alikuja mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye vibaraza. Alikuwa mtu wa vijiji vya Uwemba lakini alikuwa akiuza masweta ya mitumba sokoni Makambako. Alichagua kurekodiwa kwetu Njombe kwa sababu hiyo hiyo: wateja wake hawakuwa Njombe. Alikuja na binti yake wa miaka kama tisa, amemvisha sweta la kijani lenye vifungo vya mbao, na yeye mwenyewe amevaa jekundu. Walikuwa safi kiasi kwamba nilijisikia aibu kwa ile meza yetu yenye majivu.

Kabla ya kukaa mbele ya kinasa sauti akamtuma mtoto nje akanunue mahindi ya kuchoma, kisha akaniuliza nani ataona.

Nilianza kumweleza nafasi nne. Akanikatisha kwa upole.

"Mdogo wangu, mimi nauza nguo. Nguo watu wanazijaribu mwilini. Wakijua sokoni, hakuna atakayegusa sweta lililokunjwa na mkono huu. Na mtoto anasoma kwa masweta hayo. Sasa niambie, nani ataona?"

Nikamwambia watu wawili. Mimi na yule mama. Nikaona haniamini, na mimi kutoaminiwa hunikosesha usingizi, basi nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nilimvuta kiti akakaa mbele ya mashine. Nikafungua kwa jina la mzee, ambalo nililijua kwa sababu niliyemtengenezea ni mimi. Nikamwonyesha picha zilizo wazi zikitiririka. Kisha nikaandika namba ya picha iliyofungwa. Maandishi yakatokea kwamba mtumiaji huyu hana ruhusa.

"Huyu ni nani aliyekataliwa?" akauliza.

"Mkuu wetu."

"Hata mzee?"

"Hata mzee."

Alicheka. Alicheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Akasema hajawahi kuona mlango unaomkatalia mwenye nyumba. Kisha akaingia chumba cha kurekodia, akakaa humo karibu saa nzima. Sikusikiliza. Hilo nalo lilikuwa kwenye kanuni zangu. Walipotoka wakapigwa picha nje, mbele ya ua wa miti ya miwati, yeye akiwa ameinama kumfunga mtoto kifungo cha juu na mtoto akimwangalia usoni. Hakuna picha nyingine katika kompyuta ile iliyofikia hiyo. Nikaifunga. Nikahakikisha imefungwa. Nikarudi kuhakikisha tena, kama ninavyofanya na mlango wa nyumba, ambao mama yangu anasema siku moja nitaung'oa kwa kuujaribu.

Miezi miwili baadaye wakaja wageni, waheshimiwa wa bodi na watu wawili wa ng'ambo. Mzee alitaka kuwaonyesha kazi yetu. Mmoja wa wageni akaomba kuona mfano wa kumbukumbu kamili, sauti na picha, akataja namba aliyoisoma kwenye ripoti. Namba ile ilikuwa ya kumbukumbu iliyofungwa. Mzee akaiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, wote wakiwa wamesimama nyuma yake. Mashine ikamwambia hana ruhusa.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akasoma tena. Kisha akawaambia wageni kwamba vijana wa siku hizi ni waangalifu sana, wakacheka, wakaenda kunywa chai.

Aliniita jioni. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa na nilikuwa nimekariri majibu, hata ukurasa wa kitabu nilikuwa nimeuwekea alama. Hakunikaripia.

"Mwanangu," akasema, "katika nyumba yangu mwenyewe?"

Ni hayo tu. Ungekuwa wa huku ungeelewa. Mtu aliyemfundisha baba yako kusoma hawezi kuambiwa na kijana, mbele ya watu, kwamba kuna chumba haingii. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kusema, mzee, kuna mama mmoja nilimwahidi. Nilifungua mdomo na nilichokisema ni samahani. Nikarudi mezani, nikamhamisha kutoka msomaji kwenda msimamizi. Kazi ya kubonyeza mara tatu. Nikajituliza kwamba hagusi kompyuta, kwamba cheo tupu hakina madhara, kwamba ni heshima tu. Kwenye daftari nikafuta mistari yake mifupi kwa wembe, polepole ili karatasi isitoboke, nikatia tiki. Zilikaa vizuri ndani ya visanduku. Kufuli jekundu sikulirudisha. Nililifikiria, nakiri nililifikiria, nikaona litachafua.

Kule Makambako tulikuwa na tawi dogo karibu na njia panda, chumba kimoja tu, kwa sababu mabasi yote na reli vinapita pale na vifurushi hutumwa kwa urahisi. Lilisimamiwa na kaka mmoja mzaliwa wa Tabora, Mwislamu mcha Mungu na mcheshi, aliyekuja zamani na malori akaoa huko huko. Kila akija Njombe alikuwa amevaa makoti mawili, akisalimia kwa kusema sisi tunaishi ndani ya friji halafu tunashangaa hatuozi. Mwezi wa kumi alipewa kazi ya kutengeneza kalenda ya ukutani ya mwaka unaofuata, yenye picha na ujumbe wa shirika. Alipaswa kuja kwangu tuchague picha pamoja.

Siku aliyokuja mimi nilikuwa Kifanya. Shangazi yangu alikuwa amefariki na tulikuwa tunazika. Yule mama wa kurekodi naye alikuwa kijijini na kinasa sauti chake. Kaka wa Makambako alifika amelowa mvua, na umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ya wasomaji ikawa imezimika. Ya mzee ndiyo iliyokuwa inawaka, kwa betri. Mzee hakuweza kumrudisha mtu aliyetoka mbali na mvua vile bila kitu mkononi. Kwake hilo ni kama kumfukuza mgeni. Akamkalisha kwenye kiti chake. Neno lake la siri lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu kwenye kipande cha karatasi chini ya kioo cha meza. Akamwonyesha, akaenda kumchemshia chai mwenyewe.

Kaka yule alitafuta picha za mama na mtoto. Zikaja zote, zilizo wazi na zilizofungwa, mraba kwa mraba, safi, bila doa. Hakuwa na namna ya kuzitofautisha. Na alikuwa mwanafunzi wangu mzuri. Aliiona, akajua anaruhusiwa.

Nilipotoka msibani mzee aliniambia kwamba kaka amepita na amechukua alichohitaji kwenye sidii. Nikamuuliza amefungua kwa jina la nani. Akasema, kwa langu, akasema kwa furaha, kama mtu aliyekusaidia kazi. Hapo ndipo ningepaswa kupiga simu. Kibanda cha simu kilikuwa mtaa wa pili. Badala yake nilikaa nikawaza jinsi nitakavyomwomba kaka wa Makambako anisomee orodha ya picha bila kumwonyesha kwamba simwamini, na bila mzee kujua kwamba nimekwenda kukagua nyuma yake. Nilitunga maneno. Niliyaandika. Sikuyapenda nikayaandika upya. Wiki ikapita, nikajiambia kwamba katika mamia ya picha haiwezekani achague ile. Lakini nilijua ilivyo nzuri. Niliijua kuliko mtu yeyote.

Kalenda zilifika Makambako mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na kaka yule, mtu mchapakazi, alizigawa siku hiyo hiyo. Ndipo akanitumia moja kwa basi, imeviringishwa kwenye gazeti. Niliikunjua mezani. Ilikuwa karatasi moja kubwa, miezi yote kumi na miwili chini, na juu picha nne. Ile ilikuwa katikati, kubwa kuliko zote. Sweta jekundu, sweta la kijani. Na chini yake kwa herufi nene: Wanaoishi na virusi ni ndugu zetu, tuwapende.

Nilipanda Haisi ya kwanza ya kwenda Makambako. Kaka wa Makambako nilipomweleza alikaa chini kwenye mzigo wa kalenda zilizobaki akashika kichwa. Alirudia mara nyingi kwamba nilimwambia mwenyewe, ukiiona unaruhusiwa. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anatafuta alipokosea, na hapakuwepo. Kisha akasimama akasema twende tukazirudishe, anakumbuka kila mlango aliogonga.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kitu kilichotoka hakina nafasi wala tiki. Duka la kwanza lilikuwa la vipuri vya magari karibu na stendi. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ameshaitundika juu ya kaunta. Nikamwambia ina kosa la uchapaji, tunaomba tuirudishe.

"Kosa gani? Umenipa bure, unaninyang'anya bure?" Alikuwa anatania. Akavaa miwani, akaisogelea. "Januari iko sawa. Februari iko sawa. Pasaka umeiweka, Idi umeiweka." Akapanda na kidole juu, kwenye picha. Kidole kikasimama. "Huyu si yule dada wa masweta?"

Kalenda ilikuwa ukutani kwake tangu jana na hakuwa ameitazama. Hakuna anayetazama picha ya kalenda. Ni mimi niliyemtazamisha.

Nilielewa hilo pale pale, nikiwa nimesimama mbele ya kaunta, na bado niliingia duka lililofuata. Sijui kueleza kwa nini. Ilikuwa kazi imeanzwa na mimi siwezi kuacha kazi katikati. Kwenye saluni walikataa kutoa kwa sababu ni kalenda nzuri kuliko ya mwaka jana. Kwa muuza dawa waliitoa, lakini wasichana wawili waliisoma kwanza wakatazamana. Mama lishe wa karibu na reli alisema ataitoa nikimwambia sababu, na niliponyamaza alisema kunyamaza nako ni sababu. Kaka wa Makambako alinishika kiwiko, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tunatembea na tarumbeta.

Tukaacha. Nikaenda sokoni peke yangu.

Alikuwa anakunja masweta. Meza ilikuwa imepangwa kwa rangi, jambo ambalo siku nyingine lingenifurahisha. Kushoto kwake na kulia kwake wateja walikuwa wamejaa, wanavuta nguo, wanabishana bei. Kwake hapakuwa na mtu. Muuzaji wa jirani alikuwa amesogeza meza yake kidogo, si sana, upana wa mtu mmoja kupita.

Nilimwamkia. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, na nilikuwa na daftari mfukoni, nafikiri nilitaka kumwonyesha jedwali, kumweleza ilivyotokea, hatua kwa hatua. Sikuweza kulitoa. Nilisema tu kwamba tumeanza kuzikusanya.

"Nimesikia," akasema. "Wamekuja kuniambia. Kwamba kuna binti anapita duka kwa duka ananiulizia."

Aliendelea kukunja. Alikunja vizuri, mikono ndani, shingo juu. Nilimwomba msamaha. Alivuta sweta jingine. Akasema, bila kunitazama:

"Ulisema hata mzee."

Nikamwambia nilimbadilisha baadaye.

"Ulinitafuta kuniambia?"

Sikumtafuta. Katika kitabu kile hakuna ukurasa unaosema kwamba ukimwongeza mtu kwenye orodha ya wanaoona, nenda kamwambie anayeonwa. Labda upo na kamusi yangu haikuufikia.

Akaniambia nikirudi Njombe nifute vyote. Nikadhani ana maana ya picha. Akasema na sauti pia. Nikamkumbusha mtoto. Nilisema, na ninaona haya kulikumbuka, kwamba sauti haikutoka, sauti bado iko salama.

"Mtoto wangu nitamwambia mwenyewe, nikiwa hai," akasema. "Kwa mdomo wangu. Ninyi msinitunzie kitu tena."

Nilirudi Njombe nikafuta. Na hapa lazima niseme ukweli wote. Nilijaribiwa kuiacha sauti mahali ambapo mimi peke yangu ningeiona. Ilikuwa rahisi, nafasi mpya ya mtu mmoja, hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayejua zaidi kuliko wenye vitu. Kwa hiyo niliifanya kazi ile kama alivyoagiza. Nilifuta picha, nikafuta sauti, nikaingia kwenye pipa la mashine nikalimwaga. Nikatoa kanda ya kinasa sauti kwenye kabati nikaivuta utepe wote, mita kwa mita, nikauchoma katika jiko chini ya meza. Ulinuka vibaya. Kulikuwa na sidii mbili za akiba. Nilizikwaruza kwa msumari mpaka zikawa nyeupe. Kisha nikatafuta kwa namba yake, kwa tarehe, kwa neno sweta. Hakikuja kitu. Katika kazi zote nilizowahi kufanya katika ofisi ile, hiyo ndiyo pekee isiyokuwa na kosa.

Mzee alinisikiliza habari yote akiwa amesimama dirishani. Alilia, jambo ambalo sikutaka kuliona. Aliitisha kikao akasema sheria za kompyuta ziheshimiwe na watu wote bila kujali umri, na yeye mwenyewe arudishwe kuwa msomaji. Nikamrudisha. Baada ya Krismasi mwenyekiti wa bodi alikuja akauliza inakuwaje mkuu wa ofisi awe na ruhusa ndogo kuliko mchapaji, akaagiza irekebishwe. Nikarekebisha. Karatasi ya daftari pale ilishatoboka, nikabandika kipande kingine kwa gundi. Kufuli jekundu nililirudisha, likatia madoa kila ukurasa, na kila asubuhi niliyatazama.

Kule sokoni, kaka wa Makambako aliniambia, meza ilikaa mpaka mwezi wa pili. Kisha ikawa ya mtu mwingine, anauza ndala.

Walikuja baada ya mvua kuisha, mwaka uliofuata. Bibi mmoja mwenye mgolole mweusi na binti aliyekuwa amerefuka, sweta la kijani likiwa limemfika juu ya viwiko. Nililitambua sweta kabla ya uso. Bibi akanisalimia kwa Kibena, kamwene, nikamwitikia, akakaa. Alisema mwanawe alimwambia zamani kwamba aliacha maneno ya mtoto Njombe kwenye mashine, na kwamba siku ikifika waje kuyachukua. Siku ilikuwa imefika, tangu mwezi wa nne.

Nilimuuliza, kwa sababu nilihitaji sana jibu fulani, kama mama hakuwahi kumwambia mtoto mwenyewe.

"Alikuwa anangoja apate nguvu," bibi akasema. "Halafu vidonda vikaingia mdomoni. Mwishoni hakuwa na sauti. Aliandika andika kwa kidole juu ya blanketi, sisi hatukuelewa."

Nilinyanyuka nikaenda kwenye droo. Ile kalenda niliyotumiwa kwa basi sikuichoma. Nilikuwa nimeificha nyuma ya daftari, imekunjwa mara nne, na sababu ya kuificha sijawahi kuipata. Nikaweka rula, nikakata picha ya katikati kwa wembe, mstari ulionyooka, nikiacha maneno ya chini upande wa pili. Alama ya mkunjo ilipita kati ya mama na mtoto na sikuweza kuiondoa. Nikampa binti.

Aliitazama. Akagusa kifungo cha mbao kwenye picha, kisha akashika kile cha kwenye sweta lake, kilichobaki. Akaigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Na maneno?" akauliza.

Nikamwambia yalifutwa.

"Na nani?"

Nikamwambia, na mimi.

Alimgeukia bibi yake, kama watoto wanavyofanya wanapotaka mtu mzima awatafsirie jambo. Bibi alifunga mgolole vizuri, akanishukuru kwa picha, akasema waondoke mapema, gari la Uwemba huwa haliwasubiri watu.